Nikiitwa Mdau, Naangalia Salio

Simu ikiguna saa moja jioni na ujumbe ukaanza na "Habari mdau", mimi sijibu habari. Naangalia salio kwanza. Salamu za mjini zina bei, na hiyo ya mdau nimeshaipima: haishuki chini ya elfu ishirini. "Shikamoo anko" ni elfu kumi, hapo mtoa shikamoo hana haraka. "Shemeji wangu wa nguvu" ni elfu thelathini na ya kutolea. "Mheshimiwa" sijawahi kuitwa na mtu ambaye mkono wake mwingine haukushika kadi ya mchango. Na "baba mlezi", jina ambalo nitalifikia baadaye nikiwa nimetulia, halina kiwango cha juu.

Kiswahili kimebarikiwa kwa majina ya mtu wa kutoa. Mfadhili, mhisani, mdhamini, mchangiaji, mlezi, mdau, msamaria mwema, mgeni rasmi, tajiri, pedeshee, buzi, danga. Mpokeaji hana pambo lolote. Ni mpokeaji tu, na ukithubutu kumwita mwombaji umemtusi na ukoo wake. Nimekaa nikajiuliza nani aliyetunga majina yote haya mazuri, na jibu halikunichukua muda: waliyatunga wapokeaji. Mtoaji hajawahi kujipa jina. Anabatizwa na wengine, kisha anadaiwa sadaka ya ubatizo.

Chukua huyo mdau. Nilipolisikia neno hili kwa mara ya kwanza, mdau alikuwa mtu mwenye jambo lake katika shughuli. Wadau wa korosho walikutana Mtwara kujadili bei, wadau wa elimu walikutana Dodoma kujadili madawati. Kikao kilikuwa na ajenda, chai, sambusa na posho, na posho hiyo alilipwa mdau. Leo mdau ndiye anayelipa. Sijui mabadiliko hayo yalipitishwa katika kikao gani, maana mimi kama mdau ningealikwa ningepinga kwa kusimama.

Ujumbe wenyewe unakwenda hivi siku zote: familia ya fulani inayo furaha kukushirikisha katika harusi ya kijana wao, na inakuomba mchango wako wa hali na mali. Mwaka jana niliamua kulisoma neno hilo kama lilivyoandikwa. Hali ninayo. Naweza kubeba viti, naweza kukaa na sufuria ya pilau lisishike chini, naweza kumsindikiza mzee aliyezidiwa hadi kwenye gari lake. Nikamwandikia mwekahazina kwamba upande wa hali anihesabu mapema. Akajibu kwa kidole gumba, na chini yake akaweka namba ya kutumia pesa pamoja na jina litakalotokea. Viti vinaletwa na watu wa mapambo, pilau linapikwa na watu wa chakula, na mzee aliyezidiwa ana kamati ndogo ya usafiri. Hali haina wa kuitumia. Imeachwa kwenye ujumbe ili mali isionekane imekuja peke yake.

Watu wasioishi Dar es Salaam hawaielewi kamati ya harusi. Ina mwenyekiti, katibu, mwekahazina, na kamati ndogo za vinywaji, mapambo, ukumbi na usafiri. Inakutana kila wiki kwenye baa ya mtu, na vinywaji vya kikao havitoki kwenye mfuko wa harusi. Serikali ya mtaa wetu ina mihuri, lakini haina orodha ya aina ile. Orodha inatumwa kwenye kundi la WhatsApp kila Ijumaa: namba, jina, ahadi, ulicholipa, baki. Safu ya baki ndiyo inayosomwa. Wakati ule ule unaanza kubadilishwa majina bila kuombwa ridhaa. Kabla ya kuahidi wewe ni mdau. Ukiahidi unakuwa mwanakamati. Ukilipa nusu, unakuwa "mjumbe aliyepunguza", na hilo linatajwa kwa sauti ya matumaini. Ikibaki wiki moja huna jina tena, umekuwa "wale wenzetu wachache ambao bado", na kila mtu katika kundi anajua wachache hao ni wewe na yule ndugu aliyehamia Songea.

Ukilalamika unaambiwa ahadi ni deni. Sawa. Ila kwenye deni ninalolijua mimi, aliyekudai alianza kwa kukupa kitu.

Halafu kuna singo na dabo. Ukitoa shilingi 100,000 unapewa kadi ya dabo, mnakwenda wawili. Ukitoa 50,000 unapewa singo, na mmoja anabaki nyumbani na ugali wake. Mimi na mke wangu tulifungishwa ndoa kanisani, tukaambiwa mwanadamu asiitenganishe. Elfu hamsini huitenganisha Jumamosi baada ya Jumamosi. Na anayebaki si yeye kamwe. Gauni lake linalingana na kitambaa cha rangi ya shughuli, suti yangu hailingani na chochote.

Chini ya kadi huandikwa methali kwa herufi za dhahabu: "Kutoa ni moyo." Ile nusu ya pili, usambe ni utajiri, mtengeneza kadi huwa hana nafasi nayo. Wahenga walitaka kusema kwamba hata maskini hutoa. Kamati imeelewa kwamba hata maskini atatoa.

Na usisahau ya kutolea. Mtu anakuomba elfu hamsini, unamtumia elfu hamsini, anakupigia simu kwa masikitiko: mbona hujaweka ya kutolea? Yaani nimpe pesa, halafu nimlipie usumbufu wa kuipokea. Julai 2021 serikali nayo ikaona isibaki nyuma, ikaweka tozo kwenye miamala ya simu, iliyofika hadi shilingi 10,000 kwa muamala mkubwa, na tukaambiwa ni mshikamano. Kelele zikapigwa, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Katika miezi ile nilikuwa nikimchangia bwana harusi, mtandao wa simu na taifa kwa kubonyeza mara moja, na hakuna kati yao aliyenitumia kadi ya dabo. Wakati mwingine nawaona afadhali wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wale wana staha. Hawakuiti mdau, hawakuulizi za familia, na hawakuweki kwenye orodha ya Ijumaa.

Mdhamini ni jina zito zaidi, na linastahili kuogopwa. Mtu akikuita mfadhili anataka pesa uliyonayo. Akikuita mdhamini anataka hata ile usiyonayo. Ndugu akiwekwa ndani kwa kosa la barabarani, kituoni wanataka wadhamini wenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Ukoo mzima, wenye wajomba wenye magari na mashangazi wenye vibanda Kariakoo, unakumbuka kwamba mwenye barua ni mimi. Mpwa wangu alipojaza fomu za mkopo wa chuo alikuja na kalamu mkononi: anko, hapa kwa mdhamini weka saini tu. Saini tu! Neno "tu" katika sentensi ile lingetosha kumkamata mtu.

Lakini bingwa wa udhamini ni hii mikopo ya mtaani tunayoiita kausha damu. Mama anachukua laki tatu aongeze mtaji wa dagaa, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, riba ndiyo hiyo iliyoipa jina lake. Anayekopesha haulizi biashara inakwendaje. Anauliza mdhamini ni nani na sebuleni kwake kuna nini. Jirani yangu alidhamini. Mkopaji alipohamia kusikojulikana, wakaja vijana wanne wenye heshima zote, wakaamkia, wakatoa karatasi, wakabeba runinga, friji na subufa. Mmoja alirudi kuchukua rimoti. "Mzee tusamehe, wewe ndiye mdhamini." Jina lenyewe wakamwachia.

Mdhamini pekee nisiyemhurumia ni yule wa siasa. Mwaka 2015 makada zaidi ya 40 wa CCM walichukua fomu za kuomba kugombea urais, na kila mmoja alitakiwa kuleta wadhamini 450 kutoka mikoa 15. Wale hawatoi hata shilingi. Wanaandika jina na namba ya kadi ya chama, wanapata soda, pengine na fulana. Mzee mmoja kijiweni kwetu alisema kwa mara ya kwanza katika maisha yake amedhamini na amerudi nyumbani na friji yake.

Kwenye mpira ndipo majina haya yanapopanda daraja mbele ya macho ya watu. Sisi tuliokuwepo mwaka 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF, tunamkumbuka Azim Dewji. Aliitwa mfadhili. Mfadhili wa zama zile alitoa nauli, alitoa posho, alikaa jukwaani akitoka jasho kuliko kocha. Simba wakatoka sare ya bila kufungana kule Abidjan, wakaja kufungwa 2-0 na Stella hapa hapa Dar es Salaam, na mfadhili akaumia na sisi, tena kutuzidi, maana sisi tulikuwa tumepoteza kiingilio tu. Ndivyo ufadhili ulivyokuwa: unatoa, unasifiwa, unalia.

Kisha akaja mdhamini. Huyu alikuwa na akili kidogo. Akasema nitatoa, ila jina langu liandikwe kifuani kwa mchezaji, kwa herufi kubwa kuliko namba yake. Timu ikifungwa, mdhamini halii. Jina limeonekana dakika tisini, na marudio saa tatu usiku. Upande wa Jangwani, Yusuf Manji aliyapitia karibu majina yote: alikuwa mfadhili, akawa mwenyekiti, na mpaka leo wazee wa Yanga hawajakubaliana lipi lilimgharimu zaidi.

Na juu ya wote akaja mwekezaji. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya hisa za Simba, asilimia 49 kwa shilingi bilioni 20, huku wanachama wakibakiziwa 51 kama serikali ilivyoelekeza. Tangu hapo kijiweni kwetu watu waliokuwa wakibishana kuhusu namba tisa wanabishana kuhusu asilimia mbili. Mfadhili alitoa na kuondoka, mdhamini alitoa na kuandikwa, mwekezaji anatoa na kuuliza kiti chake kiko wapi. Mimi namwelewa kabisa. Katika safari yangu yote ya kuchangia harusi sijawahi hata kuulizwa maoni juu ya rangi ya kitambaa. Ningekuwa mwekezaji, nusu ya ndoa za mtaa huu zingekuwa na mwakilishi wangu kwenye bodi.

Tuje kwa mbuzi. Wahenga walisema mfadhili mbuzi utamnywa mchuzi, mja hana fadhila. Walimaanisha kwamba ukitaka faida, fuga mnyama. Vijana wa miaka ya tisini wakaisikia methali ile vibaya, au pengine waliisikia vizuri kuliko sisi: wakamchukua mfadhili mwenyewe, wakamfanya mbuzi. Mwanamume wa makamo mwenye gari na kitambi akawa buzi, na kazi ya binti ikawa kumchuna. Mchuzi ukapatikana bila banda wala majani. Siku hizi buzi limezeeka, tuna danga, na kudanga kumekuwa kitenzi kinachonyambulika vizuri. Wenzetu wa Kenya wameliazima kutoka Kiingereza, wanasema sponsa, na mubaba kwa anayependa heshima kidogo. Ajabu ni kwamba hapa tu, katika lugha yetu yote ya utoaji, mpokeaji amesema ukweli. Hakuna risala, hakuna hali na mali. Wewe ni buzi, unachunwa, shukrani.

Pedeshee naye alikuja na muziki. Wanamuziki wa Kongo walikuwa na herufi zao tatu za Kifaransa, PDG, cheo cha mkubwa wa kampuni, na mtu yeyote mwenye noti za kutosha mbele ya jukwaa alipewa cheo hicho, awe na kampuni au asiwe nayo. Tulipozipokea hapa tukazitamka kama masikio yetu yalivyotaka. Kule wana jambo wanaliita kurusha libanga, yaani kurusha jiwe: mwimbaji analitaja jina lako katikati ya wimbo, na wewe unalipa. Kuna nyimbo za mapenzi ambazo mtu analia kwa kuachwa, na kila mstari wa pili anasalimia mfanyabiashara wa Kinshasa, Brussels au Paris. Mabendi ya Dar nayo yakalifanya lile lile kwa mapedeshee wa Sinza na Kinondoni. Kwenye taarabu wamekuwa waungwana zaidi, pale kuna kutunza: mama anainuka na noti yake, anakwenda akicheza taratibu, anaiweka mkononi mwa mwimbaji au kwenye paji la uso, na wimbo ukifika kwenye ubeti wa vijembe anahakikisha anamtazama jirani yake. Yule mama anajua hasa alichonunua. Ndiye mtoaji pekee katika Afrika Mashariki ninayemwonea wivu.

Nchi nazo zina makuzi haya haya, japo zinavaa suti. Tulikuwa na wafadhili, tukawa na nchi wahisani, kisha tukaambiwa katika semina kwamba si vizuri, waitwe washirika wa maendeleo. Mpaka leo, bajeti ikisomwa, nasubiri nione kama ushirika ule unafika upande wa kuamua. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilichukua msaada wake wa kijeshi kwa sababu tuliwaruhusu Wajerumani Mashariki kuwa na ubalozi mdogo, na Nyerere akawaambia basi wachukue na uliobaki. Oktoba 2014 washirika walizuia msaada wa bajeti kwa ajili ya sakata la fedha za akaunti ya Escrow. Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio Zanzibar, Wamarekani, kupitia shirika lao la misaada la MCC, wakasimamisha dola milioni 472. Wahisani na kamati ya harusi ni ndugu, nakuapia, isipokuwa kule anayesoma orodha kwa sauti ni mtoaji.

Kati ya misaada yote ya nje, ninaoukumbuka kwa ulimi ni mahindi ya njano ya Marekani yaliyokuja wakati wa njaa ya miaka ya sabini. Unga wake watu waliuita unga wa Yanga, kwa rangi. Mjomba wangu, Simba wa damu, aliula kwa miezi akiwa amekunja uso, na hakuna aliyewahi kujua alichokuwa anakilaumu, ladha au jezi.

Sasa nimetulia. Tuzungumze ulezi.

Nilichofanya mimi ni kubeba kinanda. Kulikuwa na mvua, kwaya ilikuwa imesimama barazani kwa kanisa, nami nilikuwa na gari lenye nafasi nyuma. Nikakibeba kinanda na mwenye kinanda hadi kwenye sherehe walikoalikwa. Jumapili iliyofuata, katika matangazo, kati ya tangazo la ndoa la mara ya pili na tangazo la usafi, nikasikia jina langu: wanakwaya wanamshukuru mlezi wao mpya. Mke wangu akanigeukia. Watu wa benchi la mbele wakageuka. Nikafanya lile ambalo mtu yeyote hufanya akigeukiwa na kanisa, nikatabasamu. Kwa mujibu wa katibu wa kwaya, lile tabasamu ndilo kumbukumbu rasmi ya kukubali.

Mlezi, kwa Kiswahili ninachokijua, hulea kitu kinachokua. Mtoto unamlea, anaota meno, anakwenda shule, anaondoka. Kwaya haiondoki. Nusu ya watoto wangu wale wamenizidi umri. Yupo mwimbaji wa besi aliyestaafu reli, ananiita baba, nami namwamkia.

Wakaja nyumbani kumtembelea mlezi. Walikuja na sare, wakajipanga sebuleni kwa sauti nne, wengine wakasimama uani kwa dirisha kwa kuwa sebule ilijaa kwenye soprano. Wakaimba. Katika kiitikio cha wimbo wa tatu nikasikia jina langu limeingizwa kati ya Yesu na haleluya, nikawakumbuka mapedeshee, nikajua jiwe limesharushwa. Kisha wakatoa zawadi kwa mama mlezi, doti ya kanga iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Ukipewa zawadi na watu waliokuja kuomba, ichukue, lakini usikae mbali na mlango.

Katibu akafungua faili. Risala.

Msomaji aliyewahi kukaa meza kuu anajua risala ya nchi hii ina mifupa gani. Shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Historia fupi, ambayo si fupi. Mafanikio: tumeongeza waimbaji, tumeshiriki tamasha la jimbo, tumeshika nafasi ya nne kati ya kwaya ambazo idadi yake haikutajwa. Hapo unaanza kujisikia vizuri, unatingisha kichwa. Kisha sauti ya msomaji inashuka. "Ndugu mlezi, pamoja na mafanikio hayo, kwaya yako inakabiliwa na changamoto zifuatazo." Kwaya yako! Mafanikio yalikuwa ya kwao, changamoto zimekuwa za kwangu. Sare za aina ya pili. Spika mbili na mikisa. Kinanda cha kisasa, maana hiki cha sasa kililowana na mvua siku ile kilipobebwa na gari la mlezi. Usafiri wa kwenda tamasha Morogoro. Kurekodi albamu ya video. Kila changamoto ilikuwa na makadirio yake, hadi mia tano ya mwisho, na mwishoni wakaniomba niwaangalie kwa jicho la huruma.

Nikasimama nikasema nimezipokea changamoto zote na nitazifanyia kazi. Hilo nimelijifunza kwa mawaziri. Wakapiga makofi, wakanywa soda kreti mbili, wakaomba na maji.

Uzinduzi wa albamu ukapangwa, nami nikapandishwa cheo kuwa mgeni rasmi. Mgeni rasmi ni mgeni wa ajabu, ndiye pekee anayealikwa bure ili alipe kuliko waliokata tiketi. Hutakiwi kuja peke yako, unaambiwa uje na marafiki zako, na marafiki wanalijua hilo, ndiyo maana Jumapili ile wote walikuwa na misiba. Mshereheshaji ananyanyua nakala ya kwanza, anaizungusha, anauliza ukumbi: mgeni rasmi wetu ataondoka na hii kwa shilingi ngapi? Na ukumbi wa waumini, watu waliofundishwa tangu utoto kutotamani mali ya jirani, unaanza kutaja tarakimu.

Novemba 2024 nilisoma kwamba Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi, chini ya Askofu Mkuu Philip Anyolo, limerudisha fedha alizotoa Rais Ruto katika parokia moja ya mtaa wa Soweto jijini humo, zikiwemo zile walizopewa kwaya. Nililisoma mara mbili. Kwaya, fedha, kurudisha, yote katika habari moja. Nikaikata habari ile nikampelekea mwenyekiti wa kwaya yangu. Akaisoma kwa makini hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia. "Wale ni Wakatoliki, baba."

Wiki hii imekuja kadi nyingine, binti wa nyumba ya tatu anaolewa, na nimeamua kutoa bila jina. Magazeti yanao watu wa aina hiyo, msamaria mwema ambaye hakutaka jina lake litajwe, na sijawahi kusikia amesomewa risala. Nikamfuata mwekahazina na elfu hamsini yangu mkononi, nikamwambia asiniandike mdau, asiniandike mfadhili, aandike tu mtu asiyetaka kutajwa. Akafungua daftari, akashusha kidole kwenye ukurasa mmoja hadi chini, akafunua na mwingine.

"Mzee wangu," akasema, "wasiotaka kutajwa tumewapanga kuanzia laki tano."